Uzito wa Mtoto Hutunzwa na Nyumba Nzima: Maswali na Majibu kwa Wazazi

Swali: Mtoto mnene si ndiye mwenye afya?

Wazazi wengi wamelelewa na imani hiyo, na chanzo chake kinaeleweka: pale ambapo utapiamlo, surua na kuhara viliwachukua watoto wengi kabla hawajatimiza miaka mitano, mashavu yaliyojaa yalimpa mama matumaini. Hata leo, katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, uzito pungufu bado ni tatizo kubwa. Hata hivyo, ripoti ya UNICEF ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri sasa wamewazidi wenye uzito pungufu, na miji yetu haijaachwa nyuma na mwelekeo huo. Mafuta yanayozidi mwilini utotoni humwongezea mtoto uwezekano wa kupata shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili, na mara nyingi unene huo huendelea hadi utu uzima.

Swali: Nitajuaje kama uzito wa mwanangu umezidi?

Si kwa kumtazama. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, mhudumu wa kliniki hulinganisha uzito na urefu wake, kisha huangalia mwelekeo wa mstari kwenye kadi. Kwa mkubwa zaidi hutumika uwiano wa uzito na urefu unaosomwa kwa kuzingatia umri na jinsia, kwa hiyo vipimo vya watu wazima havimfai. Tatizo ni kwamba watoto wengi wakishamaliza kliniki hawapimwi tena mpaka waugue. Mnapokwenda kituo cha afya kwa sababu yoyote, omba apimwe urefu na uzito, uandike tarehe.

Swali: Je, nimpunguzie chakula?

Usimnyime chakula wala usimpikie chake peke yake. Mtoto bado anakua, na mara nyingi lengo si apungue kilo, bali uzito usiongezeke kwa kasi huku kimo kikipanda. Anayekula mboga huku kaka zake wakila chipsi hujifunza kwamba anaadhibiwa, na baadaye atakula kwa kujificha. Kinachobadilishwa ni mazoea ya nyumba nzima, baba akiwemo.

Swali: Tuanzie wapi?

Kwa maoni yangu, anzeni na vinywaji, kwa kuwa ndipo sukari nyingi huingia bila mtu kuhisi ameshiba, na ndipo mabadiliko huokoa fedha badala ya kuzitumia. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji takriban kilokalori 1,600, asilimia 10 ni kama gramu 40. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 huweza kukaribia kiasi hicho, na bado hajanywa chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu, uji ulioungwa sukari, wala juisi ya pakiti aliyofungashiwa shuleni.

Maji yawe kinywaji cha kila siku, na soda ibaki ya sherehe. Sukari ya chai na ya uji ipunguzwe kidogo kidogo, nusu kijiko kila baada ya wiki kadhaa, maana ulimi huzoea. Embe au chungwa lililwe zima badala ya kukamuliwa, ili mtoto apate nyuzinyuzi na ashibe.

Swali: Na chakula chenyewe?

Vyakula vyetu vya kawaida vinatosha: ugali au wali kwa kiasi, maharage, dagaa, mchicha, matembele. Kula pamoja katika sinia ni desturi njema inayojenga undugu, ila watoto wakishindana hula haraka kabla mwili haujatambua shibe; mdogo anaweza kutengewa sahani yake katika mkeka uleule. Mzazi aamue kinacholiwa na saa ya kula, kisha amwachie mtoto kuamua ameshiba lini. Kumlazimisha amalize sahani, jambo ambalo bibi na shangazi hulifanya kwa upendo, humfundisha kupuuza tumbo lake. Pipi na biskuti zisiwe zawadi ya kufaulu mtihani wala dawa ya kilio.

Swali: Mtaani hakuna uwanja. Atacheza wapi?

Kuanzia miaka 5, mtoto anahitaji wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya aheme, na si lazima zifuatane. Rede, kombolela, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, kufagia uwanja na kutembea kwenda shule pale njia ilipo salama, vyote vinahesabiwa. Wasichana wasikumbukwe kwa kazi za jikoni tu. Nao wapewe muda wa kukimbia. Ratiba ya masomo ya ziada inayommaliza mtoto mpaka magharibi inastahili kupunguzwa.

Swali: Usingizi unahusikaje?

Kulala kidogo huongeza njaa na hamu ya vitu vitamu. Mtoto wa miaka 5 hadi 13 anahitaji saa 9 hadi 11 kila usiku. Simu na televisheni zizimwe mapema, na zisiwashwe wakati wa kula.

Swali: Ndugu humwita "kibonge". Ni utani tu?

Hapana, humwumiza. Mtoto anayeaibishwa huacha kucheza mbele za watu na hujifariji kwa kula. Waombeni ndugu hao, kwa heshima lakini bila kusita, wamwite kwa jina lake.

Swali: Ni wakati gani wa kumwona daktari?

Mpelekeni akikoroma sana na kukatika pumzi usingizini, akiwa na weusi mnene shingoni au kwapani, akilalamikia nyonga au magoti, au akinenepa huku kimo kikiwa kimesimama. Akiwa na kiu kali, akikojoa mara nyingi na kupungua ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msimpe dawa wala chai za kupunguza uzito zinazouzwa mitaani.