Tairi la gari kwenye pikipiki: je, bima hufutika?

Baadhi ya wenye Honda Gold Wing GL1800 za 2001 hadi 2017, hasa Marekani na Uingereza, hufunga nyuma tairi la gari la 195/55R16 badala ya 180/60R16 la pikipiki, kwa kuwa hudumu zaidi. Wengi huambiwa kwamba wakipata ajali, bima yote imekufa. Si hivyo.

Bima ni mkataba. Kampuni ikikataa kulipa huegemea kifungu kilichoandikwa au taarifa uliyoipotosha. Uingereza, sheria ya barabarani ya 1988, kifungu cha 148, hairuhusu hali ya chombo kuwa kisingizio cha kumnyima fidia mtu wa tatu aliyeumia. Ila kampuni yaweza kukudai ilicholipa.

Hatari halisi iko kwenye bima kubwa, inayolipia pikipiki yako mwenyewe. Ukiulizwa kuhusu mabadiliko ukajibu kizembe, sheria ya Uingereza ya 2012 kuhusu taarifa za mteja wa bima inaruhusu malipo kupunguzwa. Ukidanganya makusudi, kukataliwa kabisa. Kwa hiyo uliza kwa maandishi, taja saizi ya tairi, hifadhi jibu.

Bima kukubali si ushahidi wa usalama: ukingo wa tairi la gari haukuundwa kukaa kwenye rimu ya pikipiki.