Aliyesema Ukweli Ofisini Alifanywa Nini?

Serikali ya Tanzania ilipohakiki watumishi wake mwaka 2016, ndani ya miezi michache yaligundulika majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa. Wapo waliokwisha kufariki, wapo waliostaafu au kuacha kazi, na mishahara ikaendelea kutoka. Jina la namna hiyo halipiti mkono mmoja. Linapita kwa afisa utumishi, kwa mhasibu, kwa mkuu wa kituo, na pembeni wapo wafanyakazi wenzake wanaojua fika kwamba fulani tulishamzika. Wezi wana sheria yao. Kinachonisumbua mimi, kama mtu wa maadili kazini, ni ukimya wa wale ambao hawakuiba.

Kwenye mafunzo ninayoendesha, nikiuliza kwa nini watu hunyamaza, jibu huwa fupi: "Mwenzetu aliyesema alihamishwa." Hakuna waraka unaoshinda kumbukumbu hiyo. Bango la dira na dhamira linaning'inia mapokezi, lakini wafanyakazi wanajifunza maadili kwa kutazama yaliyompata wa kwanza kufungua mdomo. Mtunza stoo akikataa kusaini kwamba amepokea katoni 40 wakati zimeshushwa 32, halafu wiki inayofuata akaondolewa stoo bila maelezo, idara nzima imeshaelewa. Safari hewa itakayoletwa kusainiwa kesho haitapata mpingaji.

Na mwili nao unalipa. Mtu anayejua kila asubuhi kwamba huenda akatakiwa kusaini uongo, au kwamba atafokewa mbele ya wateja, hukosa usingizi, shinikizo la damu likapanda, ruhusa za ugonjwa zikaongezeka. Ndiyo maana sikubaliani na taasisi zinazomwachia afisa utumishi suala la maadili, kisha zikadhani afya mahali pa kazi ni vizimamoto na kofia ngumu tu. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahesabu madhara ya kisaikolojia ndani ya ukatili na unyanyasaji kazini. Juni 2022 shirika hilo likaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Tanzania haijakosa sheria. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomkinga anayetoa taarifa kwa nia njema. Ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinamgusa bosi anayedai ngono ili atoe ajira au kupandisha cheo. Hapa nawataja kwa makusudi vijana wa mafunzo kwa vitendo na wa mikataba mifupi. Hao ndio wanaoombwa zaidi kuvumilia, kwa sababu barua yao ya kuongezewa muda iko mezani kwa huyohuyo anayewasumbua. Simu ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ni 113, na haina malipo.

Viongozi, anzeni na sanduku la maoni. Nani ana ufunguo? Kama ni yule anayelalamikiwa mara nyingi, mtaendelea kukuta vumbi. Wapeni ufunguo watu wawili wa idara tofauti, mmoja akiwa mwakilishi wa wafanyakazi, na lifunguliwe kwa tarehe inayojulikana. Yanayoweza kujibiwa hadharani yajibiwe ubaoni, hata kama jibu ni hapana. Uhamisho wa mtu aliyetoa taarifa karibuni usipitishwe na mkuu wake peke yake. Uandikwe sababu na upitiwe na ngazi ya juu. Na siku mtunza stoo anapokataa kusaini, mkuu wa idara ashuke mwenyewe ahesabu katoni naye, watu wakiona.

Kwa mfanyakazi: andika tarehe, saa na waliokuwepo, na hifadhi nakala halali za yanayokuhusu. Usichanganye ulichoona na ulichosikia kwenye majungu, maana taarifa ya uongo ya makusudi hailindwi. Ukiachishwa kazi sekta binafsi, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma huanzia kwenye njia za rufaa za utumishi wa umma. Wengi hupoteza siku hizo wakisubiri bosi apoe.