Alifanya kazi gani? Kuutafuta ukoo wa Uingereza kwa nyaraka za ajira

Wanaofika kwenye meza yetu ya huduma kutafuta ukoo wao wa Uingereza huja na jina na mwaka. Mmoja ana picha ya babu aliyevaa sare, mwingine ana cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne. Swali langu la kwanza huwa ni lile lile: alifanya kazi gani? Wengi hushangaa, maana walijiandaa kuulizwa alizaliwa lini.

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo chini ya serikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, na Scotland mwaka 1855. Vyeti vipo, lakini majina ya Waingereza wa karne ya 19 yalikuwa yanazunguka mle mle: John, William, Thomas, Mary, Elizabeth. Ukimtafuta John Smith wa Birmingham utawapata akina John Smith chungu nzima, wengine wamezaliwa mwaka mmoja. Kinachowatenganisha ni kazi. John mhunzi siye John wa reli. Tena penye kazi pana mshahara, na penye mshahara pana karani aliyeandika nani kalipwa, kiasi gani, na kwa nini alifukuzwa.

Anza na karatasi ulizo nazo nyumbani. Cheti cha ndoa cha England na Wales kinataja kazi ya bwana harusi na kazi za baba wa pande zote mbili, yaani karatasi moja inakupa vizazi viwili. Kisha nenda kwenye sensa. Ilianza 1801 na hufanyika kila miaka 10, ila majina ya watu kwa nchi nzima tunayapata kuanzia ile ya 1841. Isome hiyo kwa uangalifu. Umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano iliyo chini, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Kazi nazo zimefupishwa: “Ag. Lab.” ni kibarua wa shamba, “F.S.” ni mtumishi wa kike, “F.W.K.” ni mfumaji wa mtambo, mara nyingi wa soksi.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo kwa ajili ya bibi zetu. Maelekezo ya sensa ya 1841 yalisema kazi ya mke haina lazima kuandikwa, wala ya mtoto anayewasaidia wazazi bila ujira. Ukiona nafasi tupu mbele ya jina la mwanamke, usiandike kwenye mti wa ukoo kwamba hakuwa na kazi. Huenda alifua nguo za mtaa mzima.

Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ile ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na orodha ya wakazi iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939, na uzuri wake ni kwamba inataja kazi ya mtu pamoja na tarehe kamili ya kuzaliwa.

Ukitaka kurudi nyuma ya 1837, watafute wanagenzi. Sheria ya 1563 iliwataka vijana wajifunze ufundi kwa miaka 7 kabla ya kuruhusiwa kuufanya, na sharti hilo lilidumu hadi 1814. Kwa kawaida mzazi alimlipa fundi ada, na kuanzia 1710 serikali ikaitoza ada hiyo kodi: peni 6 kwa kila pauni hadi pauni 50, na shilingi 1 kwa kila pauni iliyozidi hapo. Kodi ndiyo iliyotuachia madaftari, yanayoishia 1811, ambayo leo yako Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London, kwa alama IR 1. Mstari mmoja unakupa jina la fundi, mji wake, ufundi wenyewe, jina la kijana, muda wa mkataba na ada. Hadi miaka ya mwanzo ya 1750 mara nyingi utaona pia jina la baba na mahali alikotoka. Kwa mtafuta ukoo, hiyo ni dhahabu.

Lakini madaftari hayo yana tundu kubwa. Michael Faraday, mwanasayansi wa umeme, alikuwa mtoto wa mhunzi. Oktoba 1805, akiwa na miaka 14, aliwekwa kwa George Riebau, mjalidi na muuza vitabu wa London. Mkataba wake unasema kwamba kwa utumishi wake mwaminifu hakutozwa ada. Pasipo ada hapana kodi, na pasipo kodi karani hakuwa na cha kuandika. Watoto wa maskini waliopelekwa kwa mafundi na parokia walisamehewa vilevile. Basi usipomkuta babu kwenye daftari la kodi, tafuta karatasi za parokia au za chama cha mafundi wa mji wake kabla ya kukata tamaa.

Nyaraka ninazozipenda kuliko zote ni za mabaharia. Kabla meli ya biashara haijang’oa nanga, mabaharia walitia sahihi mkataba na nahodha. Ukikunjua karatasi hiyo unakuta safu pana: jina, umri, mji wa kuzaliwa, meli aliyotoka, siku na bandari aliyojiunga, kazi yake melini, mshahara, siku aliyoteremka. Asiyejua kuandika aliweka msalaba. Safu ya “meli aliyotoka” ndiyo ya kushikilia, kwa sababu inakuwezesha kumfuata mtu mmoja kinyumenyume, meli hadi meli, kwa miaka. Tatizo ni kwamba karatasi zimepangwa kwa namba rasmi ya meli, si kwa jina la baharia, kwa hiyo ijue meli kwanza. Takriban asilimia 70 ya karatasi za 1863 hadi 1938 ziko Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Makumbusho ya Bahari ya Greenwich inatunza nyingi za miaka inayoishia na 5. Za 1915 zimewekwa mtandaoni bila malipo, na hizo unaweza kuzitafuta kwa jina.

Wafanyakazi wa reli nao wana bahati. Kampuni za kabla ya 1948 zilikuwa za binafsi, na madaftari yao yaliyobaki yako Kew kwa alama RAIL: vituo alivyohamishiwa, nyongeza za mshahara, hata faini alizokatwa. Wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza hawakubahatika hivyo. Septemba 1940 bomu liliwasha ghala la nyaraka London na zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa kawaida yakaungua. Yaliyookolewa yako Kew kwa alama WO 363, na ukiyafungua unaona kingo zilizoungua. Wachimbaji wa makaa ya mawe ni wagumu zaidi, kwani migodi ilikuwa ya watu binafsi hadi 1947 na majalada ya mfanyakazi mmoja mmoja ni adimu. Kwao tafuta orodha za ajali na karatasi za chama cha wafanyakazi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye babu yake alikuwa ofisa wa kikoloni, kuna orodha ya kila mwaka ya Wizara ya Makoloni iliyochapishwa tangu 1862, yenye muhtasari wa utumishi wa maofisa wa ngazi za juu. Wa ngazi za chini mtafute katika gazeti rasmi lililoanza 1899 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda, ambalo leo ni Gazeti la Serikali ya Kenya: uteuzi, uhamisho, likizo, na baadaye matangazo ya mirathi. Na wako babu zetu wenyewe. Katika karne ya 19 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliajiri vijana Zanzibar, wengi wao kuchochea makaa melini, na makarani waliwaita “seedie”. Wanapatikana katika madaftari ya meli, Kew, kwa alama ADM.

Unapoiandikia hifadhi yoyote, usitaje jina peke yake. Andika kazi, mwajiri, mji na miaka unayokisia, kwa mfano “mlinzi wa treni, Swindon, 1890 hadi 1905”. Madaftari mengi hayajaorodheshwa kwa majina, na mhifadhi anahitaji kujua ashushe lipi kutoka kwenye rafu.