Mlima hauvunji mtu akipanda: dhana potofu kuhusu baiskeli ya gia kwenye njia za milima ya Kigoma

Anayetaka kujua baiskeli na mlima vinavyoelewana awatazame wabeba ndizi wa Buhigwe. Kwenye mwinuko wanashuka na kusukuma bila aibu. Kabla ya mteremko wanasimama, wanaminya breki, wanatikisa mzigo, ndipo wanaondoka. Mwenye baiskeli ya gia mpya hufanya kinyume: anajikamua kwenye mwinuko hadi mapaja yanatetemeka, akifika juu anashangilia na kuiachia baiskeli ikimbie. Ajali nyingi za njia za miguu za milimani zinaanzia hapo, na nyuma ya karibu kila moja kuna jambo ambalo mtu aliliamini bila kulipima.

"Breki zikiwa kali kijiweni kwa fundi, mlimani zitatosha"

Breki kali kwa kusimama mara moja na breki inayovumilia dakika ishirini za mteremko ni vitu viwili. Piga hesabu. Mwendeshaji, baiskeli na begi vina kilo 90 kwa pamoja. Akishuka mita 600, nishati anayopaswa kuitoa ni takriban kilojuli 530. Kwenye barabara ya lami sehemu kubwa inachukuliwa na upepo kwa sababu unakwenda kasi. Kwenye njia ya mguu yenye mizizi na kona unakwenda polepole, hivyo karibu mzigo wote unabebwa na breki. Joto hilo linaweza kuifikisha kwenye mchemko karibu lita moja na nusu ya maji ya kisimani. Sasa fikiria limebanwa kwenye raba mbili za breki na ukingo mwembamba wa rimu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na tatizo hili. Mwaka 1976, vijana wa Fairfax, California, walianza kushindana kushuka njia ya vumbi yenye mteremko wa mita 400 hivi ndani ya kilomita tatu na ushei. Baiskeli zao zilikuwa nzito, za zamani, za breki ya kurudisha pedeli nyuma, zinazofanana na za babu zetu kuliko na za dukani leo. Kila wakifika chini, grisi ya kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imeungua na kutoka moshi, na ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza grisi upya, na hadi leo jina ni hilo.

Breki za raba huonyesha dalili mapema: mkono wa breki unazidi kusogea karibu na usukani, na harufu ya mpira inasikika. Ukiendelea, rimu inapata joto hadi gundi ya viraka vya zamani inalainika na tyubu inapasuka. Breki za diski hupiga kelele, diski inageuka rangi ya samawati, na pedi zinang'aa kama kioo na kuacha kushika. Zenye mafuta ambayo hayajabadilishwa miaka mingi zina balaa jingine: aina fulani ya mafuta ya breki hunyonya unyevu, na maji yakichemka ndani ya bomba, mkono wa breki unazama hadi usukani bila kitu kutokea.

Usibane breki kidogo kidogo muda wote. Punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa ili hewa ipite. Kila unaposhuka mita mia moja hivi kwenye mteremko mkali, simama. Dondosha tone la maji kwenye diski au rimu, usiguse kwa kidole. Likichemka na kulia "chiii", subiri dakika tano, pumzika, kunywa maji. Usimwage chupa nzima ili kuipoza haraka, maana diski ya moto ikimwagiwa maji baridi hupinda.

Na wenye rimu za chuma zinazong'aa, zile za baiskeli za Phoenix na wenzake: zikilowa, raba haishiki kama ilivyoshika dakika moja kabla ya mvua. Rimu za aluminiamu zina nafuu kubwa. Kama rimu ni za chuma na mvua imeanza, shuka utembee. Hakuna fundi anayeweza kukurekebishia hilo.

"Breki ya mbele ni ya kukurusha, tumia ya nyuma tu"

Hii mafundi wengi huwafundisha watoto, na wengine huing'oa kabisa breki ya mbele. Kumbe unapofunga breki uzito mwingi husogea mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linajifunga na kuteleza, na njia nyembamba haina nafasi ya kuteleza. Ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Kwenye ardhi kavu, ukitumia ya nyuma peke yake unahitaji takriban mara mbili ya umbali ambao ya mbele ingehitaji.

Wanaorushwa wanarushwa kwa sababu mwili ulibaki juu ya usukani na mikono imelegea. Shusha siti sentimita tano hadi kumi kabla ya mteremko. Simama juu ya pedeli, pedeli zote mbili zikiwa usawa mmoja, visigino chini, makalio nyuma ya siti, macho mita kumi mbele na si kwenye tairi. Minya kwa kidole kimoja au viwili, ukiongeza nguvu taratibu. Kwenye changarawe, breki ya mbele iwe imeachiwa kabla hujakata kona.

Kuna mtego mmoja ambao wengi huugundua wakiwa wameshaanguka. Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Za kutoka Ulaya bara na Marekani huwa nayo kushoto. Ukiazima baiskeli, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, minya mkono mmoja wa breki, uone kama linasimama. Sekunde kumi tu.

"Gia 21 zinapanda popote"

Idadi ya gia ni ya kuuzia baiskeli. Kati ya hizo 21, nyingi zinarudia kazi ileile. Ulizia gia nyepesi kuliko zote, na jibu lake ni kuhesabu meno. Baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inakusogeza kama mita tano na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Baiskeli ya gia ya bei nafuu yenye meno 28 mbele na 28 nyuma inakwenda mita mbili. Yenye 22 mbele na 34 nyuma inakwenda karibu mita 1.35, na hiyo ndiyo inayopanda vilima vya Kasulu ukiwa umekaa. Hesabu meno dukani kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikucheka, mwache acheke.

Hata hivyo kuna mwinuko ambao kusukuma ni akili zaidi. Mwendo ukishuka chini ya kilomita nne kwa saa, mtembea kwa miguu anakupita, na wewe unatumia nguvu zaidi yake kwa ajili ya kusawazisha tu. Huko Ulaya na Marekani, wanaopanda njia za milima mirefu hubeba baiskeli mabegani kwa saa nzima na hawaoni kuwa wameshindwa. Chagua viatu vya kutembelea, si vya kukaa.

"Tairi gumu halitoboki"

Tairi lililojazwa upepo hadi likalia kama ngoma linarukaruka juu ya mawe, na tairi lililo hewani halina breki wala kona. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la upana wa inchi 2.1 lenye tyubu, anza na psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 28 mbele na 32 nyuma, kisha rekebisha kwa mbili mbili. Ukizidisha ulaini nako kuna adhabu: tairi linabonyea hadi rimu inagonga jiwe, na tyubu inapata matundu mawili yaliyopangana kama alama za meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, ongeza upepo, usitafute mwiba.

Wapo pia wanaopunguza upepo kwa hofu kwamba juu mlimani tairi litapasuka. Kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ulio takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi urefu wa mita 2,460, geji itaongezeka kama psi mbili na nusu tu. Tairi halitaona tofauti.

Kuhusu kiraka, kosa ni haraka. Sugua tyubu kwa msasa hadi mng'ao uishe, eneo kubwa kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, kisha ngoja kama dakika tano hadi ikiguswa isishike kidole kwa unyevu. Watu wengi wanabandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinang'oka kilomita mbili mbele. Ukingoja, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado upo.

"Mapafu ya mtu wa milimani hayaogopi mwinuko"

Kwanza tuweke urefu wa kwetu mahali pake. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Kilele cha Nkungwe, mrefu kuliko vyote Mahale, kina mita 2,462, na vilima vya Kasulu na Buhigwe viko chini zaidi. Kichwa kikikuuma huku, laumu kiu na jua kwanza. (Na usipange kuipeleka baiskeli Nkungwe kama vile ni njia ya kijijini. Ni ndani ya hifadhi ya taifa, na watu hutembea humo kwa miguu. Gombe vilevile.)

Mambo hubadilika kwa anayekwenda kwenye milima mirefu kweli. Kilimanjaro ina njia ya Kilema inayotumiwa na baiskeli, na kwenye kituo cha Kibo, mita 4,700 hivi, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Ujana na mazoezi havikingi. Wenye nguvu ndio huumia mara nyingi kwa sababu wanapanda haraka. Ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine, na kila siku ya tatu au ya nne pumzika. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, unayumba kama mlevi: hapo hakuna dawa bora kuliko kuteremka. Lakini teremka ukisukuma au ukiongozwa na mwenzako, kwa sababu uamuzi na usawa wa mwili hupotea kabla ya nguvu za miguu, na mtu wa namna hiyo juu ya baiskeli ni hatari mara mbili.

"Matairi ya mpira yanazuia radi"

Radi imevuka kilomita za hewa, na hewa haipitishi umeme kirahisi. Sentimita chache za mpira hazitaizuia. Msimu wa mvua Kigoma, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, wingu la mchana hupanda haraka juu ya miinuko. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikifika chini ya thelathini, toka kwenye mgongo wa mlima, achana na mti uliosimama peke yake, weka baiskeli mbali nawe, na usirudi juu hadi dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Baada ya mvua hiyo, tope jekundu la Buha, nchi ya Waha, hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Usilisukume kwa nguvu, maana ndiyo njia rahisi ya kukunja kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Toa kwa kijiti. Pia alama ya tairi kwenye njia mbichi hugeuka mfereji mvua inayofuata, na akina mama wanaoshusha mihogo kichwani ndio watakaoteleza. Ukiwakuta, wewe ndiye wa kusimama, upande wa chini wa njia, na "mwakeye", salamu ya Kiha, isemwe kutoka mbali kabla ya breki kulia.

Maji ya kijito cha juu hayana usafi wa kuaminika, hata yakiwa baridi na angavu. Juu kuna mifugo na watu. Chemsha dakika moja. Ukipita mita 2,000, dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Beba lita mbili angalau.

"Bila mtandao, simu haina ramani"

Simu inapokea mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti, si kwenye mnara. Pakua ramani nyumbani, uizime data, itafanya kazi bondeni kusiko na mnara wowote.

Kwa njia za karibu na Manyovu, mpakani na Burundi, kuna jambo dogo linalowachelewesha watu. Simu ikishika mnara wa Burundi, saa inajirudisha nyuma saa moja, kwa kuwa wao wako nyuma yetu. Unatazama unaona saa kumi jioni, unasema mwanga upo tele, kumbe ni saa kumi na moja, na jua la Kigoma linazama karibu na saa moja. Weka saa ya simu kwa mkono kabla ya kuondoka, na kitambulisho kiwe mfukoni, maana njia za miguu hazina bango la mpaka. Ikishafika saa kumi na moja na nusu ukiwa bado juu, washa taa, pandisha siti irudi mahali pake, na usukume hadi barabarani.