Presha ya boila ikishuka, uliza maji yamekwenda wapi

Baridi inapoanza huku Uingereza, kuanzia Oktoba, watu huwasha rejeta za ukutani, zile zinazopasha nyumba kwa maji ya moto, ambazo hazijaguswa tangu Mei, na boila inayozilisha inagoma. Kama ni Vaillant, kioo kinaandika F.22, kama ni Ideal Logic, kinaandika F1. Ujumbe ni uleule: presha ya maji imeshuka mno. Mwenye nyumba anajaza maji, boila inawaka, na baada ya wiki mbili namba ileile inarudi. Anajaza tena. Hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono, kwa sababu kujaza maji si matengenezo.

Nazungumzia boila ya kombi, ile inayopasha maji ya bomba papo hapo na kupasha rejeta pia, bila tangi darini. Maji yaliyomo ndani ya rejeta siyo yale unayooga. Ni maji yaliyofungiwa: yanatoka kwenye boila, yanazunguka nyumba nzima, yanarudi, na yaleyale yanaweza kuzunguka kwa miaka. Hayanywewi wala hayatumiki. Kwa hiyo yakipungua, yametoka mahali fulani. Na kama bomba la jikoni linatoa maji kiduchu, hilo ni jambo jingine kabisa; geji ya boila, yaani kipimo chake cha presha, haihusiki.

Geji isomwe asubuhi, kabla hujawasha chochote, mfumo ukiwa baridi. Mshale uwe kati ya bari 1 na 1.5 (bari ni kizio cha presha). Namba hizo zina sababu. Bari 1 inatosha kusimamisha maji kimo cha takriban mita 10. Ikiwa boila iko jikoni na rejeta ya juu kabisa iko mita 5 juu yake, nusu bari inatumika kuyafikisha maji huko tu, na kinachobaki ndicho kinachozuia hewa kujikusanya juu na pampu kukosa maji. Ukiwasha na maji yakapata moto vizuri ndani ya rejeta, mshale utapanda hadi 1.8 au 2, na hilo ni sawa. Ukifika 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje.

Kujaza kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Zima boila na uiache ipoe, maana maji baridi yakiingia ghafla kwenye kipashio chenye moto yanaweza kukipasua. Chini ya boila tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa waya wa chuma, wenye koki kila upande. Hakikisha nati zake zimekaza. Fungua koki moja yote, kisha ile ya pili kidogo kidogo. Utasikia maji yakipita kwa mlio mwembamba, na mshale utaanza kusogea. Usiondoe macho hapo. Ukifika 1.3, funga zote mbili, kisha uondoe mpira na kuweka vifuniko. Kanuni za maji za mwaka 1999 zinataka mpira huo uondolewe baada ya kujaza, ili maji machafu ya rejeta yasipate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Boila nyingine hazina mpira wa nje, zina kikono au ufunguo wake chini. Hizo fuata kitabu chake. Ukizidisha, punguza kupitia rejeta, beseni likiwa chini.

Rejeta yenye joto chini na ubaridi juu ina hewa, itolewe upepo. Mfumo uwe umezimwa na umepoa. Ingiza ufunguo mdogo kwenye kitundu cha pembeni juu, shika kitambaa, zungusha kinyume cha saa robo mzunguko, na usubiri. Kwanza hewa inatoka kwa mfoko, kisha inachanganyika na matone, kisha maji yanatiririka mfululizo. Hapo funga. Anza na rejeta za chini, malizia za juu, halafu rudi kwenye geji, kwa sababu presha itakuwa imepungua na utahitaji kuongeza. Kuongeza kwa namna hii, mara moja au mbili kwa mwaka, sioni tatizo. Kuongeza kila mwezi kuna tatizo, na kila wiki kunaniambia kuwa kuna kitu kimekwisha haribika.

Kila unapojaza unaingiza maji mapya yenye oksijeni, na oksijeni ndiyo chakula cha kutu. Pia unazimua ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo. Rejeta ni za chuma. Zinaliwa kutoka ndani, na unga mweusi unaotokana na kutu hiyo unatuama chini yake na kuziba njia nyembamba za boila. Maji meusi kama wino kwenye kitambaa chako ndiyo dalili. Anayejaza kila wiki anaficha uvujaji mdogo na huku anatengeneza hasara kubwa zaidi.

Sasa, maji yamekwenda wapi? Anza na rejeta. Uvujaji mdogo hauonekani mfumo ukiwa na moto, kwa kuwa tone linakauka kabla ya kudondoka. Chukua karatasi laini ya chooni, kavu, uizungushe kwenye kila nati ya kila vali mfumo ukiwa baridi. Ikilowa, umepata. Angalia pia ukoko wa kijani au mweupe kwenye shaba. Huo ni wa tone linalokauka hapo siku zote. Mara nyingi ni nati ndogo iliyo chini ya kifuniko cha vali, na kuikaza kidogo tu kwa spana kunatosha.

Kisha toka nje. Kwenye ukuta ulio nyuma ya boila kuna bomba la shaba la milimita 15 lililopindwa kuelekea ukutani. Hilo ni la vali ya usalama na linapaswa kuwa kavu. Usilichanganye na bomba la plastiki, ambalo hutoa maji ya mvuke uliopoa kila boila inapowaka. Lile kudondosha ndiyo kazi yake. Funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba la shaba, uuache usiku mzima. Ukikuta maji ndani, mtuhumiwa wa kwanza ni tangi la kupanukia, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi.

Maji yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi 70, kila lita 100 zinaongezeka kwa zaidi ya lita 2. Hayabanwi, hivyo lazima yapate pa kwenda. Ndani ya boila kuna tangi, mara nyingi la takriban lita 8, lililogawanywa na mpira katikati: upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Maji yakipanuka yanausukuma mpira, na hewa inabanwa badala yake. Hewa hiyo ikivuja pole pole kwa miaka, nafasi inakwisha. Utaona hivi: asubuhi mshale uko 1.2, unawasha, baada ya nusu saa uko karibu na 3, vali inamwaga, jioni mfumo ukipoa mshale uko 0.3. Unajaza, na kesho inakuwa vilevile.

Tiba yake ni kutoa presha ya maji hadi sifuri, kuacha koki ya kumwagia wazi, kisha kupampu hewa kupitia vali inayofanana na ya tairi la gari, hadi kiwango cha mtengenezaji, kwa kawaida kati ya bari 0.75 na 1. Ukipampu bila kutoa maji kwanza, kipimo kitakudanganya. Pini ya vali hiyo ikibonyezwa yakatoka maji, mpira umepasuka na tangi libadilishwe. Vali ya usalama iliyofunguka mara nyingi pia hukamata uchafu na haifungi tena vizuri. Mimi hupendekeza ibadilishwe wakati huohuo. Kazi yoyote inayohitaji kufungua kifuniko cha boila mwachie fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Kama rejeta zote ni kavu na bomba la nje ni kavu, kuna jaribio la usiku mmoja. Zima boila kwenye umeme, ipoe, weka 1.5, kisha funga vali mbili za maji ya rejeta chini ya boila, mara nyingi zile za pembeni kabisa, kwa robo mzunguko kila moja. Ya gesi usiiguse. Asubuhi, mshale ukiwa umeshuka, uvujaji uko ndani ya boila. Ukiwa palepale, kisha ukashuka saa chache baada ya kufungua vali, tafuta kwenye mabomba, pengine chini ya sakafu. Usiwashe boila kabla ya kuzifungua.

Presha inayopanda bila mtu kujaza ni kesi nyingine. Ondoa mpira wa kujazia. Ikikoma kupanda, koki zake hazifungi sawasawa. Ikiendelea, kipashio cha maji ya bomba kimetoboka ndani na maji ya mtaa yanaingia upande wa rejeta.

Wapangaji wa England wajue kwamba sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba na maji. Kabla ya kumpigia yeye au fundi, andika mambo manne: geji ikiwa baridi, geji nusu saa baada ya kuwasha, umejaza mara ngapi na tarehe zake, na kama bomba la shaba la nje limelowa.