Usambazaji wa filamu: neno tunalolisikia vibaya

"Filamu hiyo imesambazwa sana," husema mtu, akimaanisha kwamba imerushwa kwenye makundi ya WhatsApp hadi kila mwenye simu anayo. Mwingine akiona nembo ya kampuni mwanzoni mwa picha husema kampuni hiyo ndiyo iliyoitengeneza. Wa tatu humwita msambazaji yule kijana anayeuza DVD kibandani. Wote watatu wanaipita kando kazi yenyewe.

Maana yake ni fupi. Msambazaji hupewa haki ya kuitoa filamu katika eneo fulani kwa muda fulani. Anapanga tarehe, analipia nakala na matangazo, anapatana na majumba ya sinema, anakusanya mapato na kuyagawa kwa wenye haki nayo. Anaweza kuifanya kazi hiyo yote bila kuwahi kushika kamera.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. Sambaza imetoka kwenye sambaa: moshi husambaa, habari husambaa, majani hutambaa na kusambaa. Hakuna mpaka ndani yake wala hesabu, kuna kuenea tu. Kenya, Safaricom walipoipa jina la Sambaza huduma ya kumtumia mwenzako salio, neno likapata sura nyingine: kitu kimetoka kwangu kimeingia kwako, mimi sinacho tena. Lakini neno la Kiingereza na Kifaransa tulilolifasiri, distribution, lina asili ya Kilatini, distribuere, yaani kugawa mafungu, kila mtu apate lake. Kwetu lililo karibu nalo ni gawa, na jina lake ni mgao. Msambazaji limeshazoeleka na libaki. Ila anayelisikia aujue mgao uliojificha ndani yake, kwa sababu anachogawa mtu huyu ni maeneo, tarehe na fedha. Filamu yenyewe haimtoki mmiliki wake.

Kampuni inayoionyesha tofauti hii vizuri kuliko zote ni United Artists ya Marekani. Iliundwa 1919 na waigizaji Mary Pickford, Charlie Chaplin na Douglas Fairbanks pamoja na mwongozaji D.W. Griffith ili filamu zao zifike kwenye majumba ya sinema bila kupitia kwa wenye studio kubwa. Tangu mwanzo ilikuwa kampuni ya usambazaji. Kufikia 1951 waanzilishi waliobaki na hisa walikuwa Pickford na Chaplin tu, na kampuni ilikuwa ikipoteza takriban dola 100,000 kwa wiki. Mwezi Februari mwaka huo mawakili wawili wa New York, Arthur Krim na Robert Benjamin, wakapewa kuiendesha kwa sharti moja: wakipata faida katika mwaka wowote kati ya mitatu ya kwanza, nusu ya kampuni ni yao. Walikopa dola milioni 3 kwa Walter Heller wa Chicago, wakanunua filamu za kampuni ya Eagle-Lion ili matawi yao yasikose cha kupeleka kumbini, na faida ikapatikana mwaka ule ule wa kwanza.

Wakati huo studio kubwa zilikuwa taabani. Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Paramount, mojawapo ya studio hizo, ilikuwa imeharamisha mtindo wa kumlazimisha mwenye ukumbi kuchukua filamu kwa fungu, nzuri na mbovu pamoja. Studio tano zilizomiliki majumba ya sinema zikaishia kutenganishwa nayo. Televisheni nayo ikaingia sebuleni na watazamaji wakapungua kila mwaka. Studio zilibaki na viwanja vya kupigia picha, mafundi wa kudumu na waigizaji wa mishahara ya wiki hadi wiki, kamera izunguke isizunguke. Gharama hizo ziligawanywa juu ya bajeti za filamu. Filamu zikipungua, kila moja hubeba mzigo mzito zaidi, na hapo hata picha iliyopendwa inaweza kuandikwa hasara.

United Artists haikuwa na kiwanja wala jumba la sinema. Ilishtakiwa pamoja na wengine katika kesi ile, lakini haikuwa na kumbi za kunyang'anywa. Waigizaji na waongozaji waliotoka kwenye mikataba ya studio walikuwa wakifungua kampuni zao, tena kodi ikiwasukuma: mshahara wa nyota ulitozwa hadi zaidi ya asilimia 90 katika daraja la juu, ilhali faida ya kuuza mali ilitozwa asilimia 25. Watu hawa walihitaji fedha na njia ya kufika kumbini. Krim na Benjamin waliwapa vyote viwili. Waliidhinisha hadithi, mwongozaji, waigizaji wakuu na bajeti, kisha wakamwacha mtayarishaji afanye kazi yake mpaka alete filamu iliyokamilika.

Mgao unavyokwenda ndipo palipo moyo wa jambo. Tuchukue tarakimu za mfano. Tiketi zimeuzwa za dola 4,000,000. Wenye kumbi wakibaki na nusu, 2,000,000 humfikia msambazaji. Kwanza anakata ada yake, tuseme asilimia 30, yaani 600,000. Humo ndimo anamolipia matawi yake na wauzaji wanaozungukia kumbi. Pili anarudisha alichotumia kwa nakala na matangazo, tuseme 300,000. Zimebaki 1,100,000. Tatu, unalipwa mkopo uliotengenezea filamu pamoja na riba, tuseme 850,000. Mtayarishaji na mfadhili wanaanza kugawana 250,000 iliyosalia, na wakikubaliana nusu kwa nusu kila mmoja anapata 125,000.

Utaratibu huo ndio unaowaponza wengi. Ada hukatwa kwenye mapato ghafi, kabla ya gharama, kwa hiyo msambazaji hupata chake hata filamu isipofika kwenye faida. Mtayarishaji aliyeahidiwa "nusu ya faida" bila kuuliza nusu hiyo inahesabiwa baada ya makato gani amesaini bila kusoma. Pia kuna kufunganisha filamu: mkataba wa filamu tatu ukiruhusu hasara ya moja kufidiwa na faida ya nyingine, ile iliyofanikiwa italipa deni la zile zilizoanguka. Na picha ikizidi bajeti, lazima iwe imeandikwa mapema ni nani anayedhamini ukamilishaji wake, la sivyo benki haitoi hata senti.

Mtindo wa soko la DVD la Dar es Salaam ulikuwa kitu kingine kabisa. Mtayarishaji aliyekabidhi masta, yaani nakala mama ya filamu, na kulipwa kwa mkupuo mmoja alikuwa ameuza filamu yake. Aliyeichukua aliitwa msambazaji, lakini kwa kuwa hapakuwa na hesabu ya kumrudia mtayarishaji, jina lililomfaa ni mnunuzi. Jina lina uzito hapa, kwa sababu kwa msambazaji unadai taarifa ya mauzo, na kwa mnunuzi huna cha kudai.

Chaplin aliuza hisa zake 1955, Pickford 1956, na 1957 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma. Filamu ya Marty ya mwaka huo huo wa 1955, iliyotengenezwa na kampuni ya Harold Hecht na Burt Lancaster kwa gharama ndogo mno na kusambazwa na United Artists, ilitwaa Oscar ya filamu bora. Kampuni isiyo na kiwanja ilikuwa imewapita wenye viwanja.

Mojawapo ya picha zilizoiinua mwanzoni ilipigwa huku kwetu. The African Queen, hadithi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya 1914, ilipigwa Congo na Uganda, na sehemu yake katika studio ya Isleworth, London. Sam Spiegel wa kampuni ya Horizon na Waingereza wa kampuni ya Romulus ndio walioitayarisha, John Huston akaiongoza. Hata eneo liligawanywa: United Artists waliitoa Marekani, na Uingereza ikatolewa na kampuni nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "ile filamu ya mtoni ya United Artists", mwelekeze taratibu: ni filamu ya Horizon na Romulus, iliyosambazwa Marekani na United Artists.