Mistari ya Wi-Fi imejaa, mbona roboti inagonga ukuta?

Swali hili huulizwa na wateja na wanafunzi kila kukicha, na karibu kila mara anayeuliza ameshanunua antena kubwa au kifaa cha kurefusha mawimbi. Fedha imekwenda na ukuta bado unagongwa. Tuanze na hilo, maana ndilo linalowatia watu hasara zaidi.

Dhana: mawimbi yakiwa na nguvu, roboti itatii papo hapo

Mistari inaonyesha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye antena, basi. Haisemi lolote kuhusu muda ambao amri inachukua kufika, na kwa roboti inayotembea muda ndio kila kitu. Chukua roboti ya ndani inayokwenda nusu mita kwa sekunde. Amri ya kusimama ikichelewa milisekunde 300, roboti imeshasogea sentimita 15 kabla mota hazijaanza hata kupunguza kasi. Mlangoni, sentimita 15 zinatosha kabisa kugonga fremu.

Kwa nini amri ichelewe ilhali ruta iko chumba hicho hicho? Mara nyingi bodi imelala. ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi inayotumika kama ubongo wa roboti nyingi, ikijiunga na ruta huanza katika hali ya kubana umeme: redio huzimwa, kisha huamka kwa zamu kusikiliza tangazo la ruta, ambalo kwa kawaida hutoka kila milisekunde 102.4. Amri ikiikuta bodi imelala, ruta huishikilia hadi zamu ifike. Kama ruta imepangwa kuamsha vifaa kila tangazo la tatu, kungoja huko kunaweza kufika milisekunde 300. Hapo antena haina msaada wowote. Dawa ni mstari mmoja wa programu: weka hali ya kubana umeme iwe WIFI_PS_NONE, yaani isibane kabisa, mara Wi-Fi inapoanza. Betri italiwa zaidi, lakini ukilinganisha na mota ni kidogo. Tahadhari: Bluetooth ikiwa imewashwa kwenye bodi hiyo hiyo, ESP32 itaikataa hali hiyo, kwa sababu redio ni moja na lazima igawane zamu. Zima Bluetooth.

Pima kabla ya kununua chochote. Kwenye kompyuta ya Linux, andika ping -c 500 -i 0.2 ikifuatiwa na anwani ya roboti, upime muda wa ujumbe kwenda na kurudi, na roboti iwe inatembea njia yake yote. Ikiwa imekaa mezani, kipimo hicho hakina maana. Usishangilie wastani, angalia namba kubwa kuliko zote. Roboti yenye wastani wa milisekunde 8 na kilele cha 900 itagonga kitu. Yenye wastani wa 20 na kilele cha 45 inaaminika zaidi, ingawa wastani wake unaonekana mbaya.

Kifaa cha kurefusha mawimbi huweza kuongeza tatizo. Vile vya bei rahisi hupokea pakiti (kifurushi kimoja cha data) na kuirusha tena kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila amri inatumia hewa mara mbili. Mistari inajaa, ucheleweshaji unapanda. Tena, roboti ikivuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine, ESP32 hung'ang'ania ruta ya kwanza mpaka muunganisho ukatike, ndipo ianze upya kutafuta mtandao na kuomba anwani. Hizo zinaweza kuwa sekunde nzima, roboti iko njiani. Ruta moja iliyowekwa juu katikati ya nyumba ni bora kuliko mbili za pembeni, na roboti ipewe anwani ya kudumu isiyohitaji kuombwa.

Hata ukifanya hayo yote, pakiti zitapotea. Zitapotea! Tanuri la maikrowevu likiwashwa, jirani akipakua filamu, mtu akisimama katikati. Kosa kubwa ninaloliona kwenye programu za roboti ni amri mbili zinazojitegemea: "nenda" unapobonyeza kitufe, "simama" unapokiachia. "Simama" ikipotea, roboti inaendelea kwenda na hakuna wa kuizuia. Usiandike hivyo kamwe. Tuma kasi unayoitaka kila milisekunde 50, hata kama haijabadilika, na roboti iandike saa ya amri ya mwisho iliyopokea. Milisekunde 300 zikipita bila amri mpya, izime mota yenyewe. Pakiti sita mfululizo lazima zipotee ndipo isimame, kwa hiyo haitakuwa inashtukashtuka. Ukaguzi huo uwe kwenye mzunguko wake wenyewe (loop) ndani ya programu. Ukiuweka ndani ya sehemu ya programu inayoendeshwa pale tu pakiti inapofika, hautafanya kazi pale pakiti zinapokoma, yaani pale pale unapouhitaji.

Amri hizo zitume kwa UDP, njia inayotuma pakiti bila kurudia zilizopotea, kila moja na namba yake, na roboti itupe yoyote yenye namba ndogo kuliko ya mwisho. Kwa TCP, njia inayohakikisha kila pakiti inafika kwa mpangilio, pakiti moja ikipotea zilizo nyuma yake husubiri foleni mpaka itumwe tena, kisha roboti hupokea rundo la amri zilizopitwa na wakati. MQTT, mfumo wa kupashana ujumbe kati ya vifaa, hupita juu ya TCP, kwa hiyo itumie kwa hali ya betri na taarifa nyingine zisizo na haraka. Kusoma enkoda (kihisi kinachohesabu mizunguko ya gurudumu) na kurekebisha kasi ya mota kufanyike ndani ya roboti. Swichi ya bampa, ile ya mbele inayobonyea roboti ikigusa kitu, nayo iunganishwe kwa waya moja kwa moja kwenye bodi. Bampa inayoomba ruhusa kwa kompyuta ya chumba kingine si bampa.

Dhana: nguvu ya mawimbi inatosha kujua roboti iko umbali gani

Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hupungua desibeli 6. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta, friji na bati, yakakutana yakiongezana au yakifutana. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi, hivyo kusogea upana wa kiganja kunaweza kubadilisha kipimo kwa desibeli 10 au zaidi. Mtu akipita kati, kinabadilika tena. Ukitaka umbali, pima muda wa safari ya mawimbi kwa UWB, redio ya mapigo mafupi sana: ikiwa hakuna kizuizi, kosa ni kama sentimita 10. Nanga, yaani vifaa vya UWB vilivyofungwa mahali pa kudumu, ziwe tatu au zaidi, zisiwe kwenye mstari mmoja, na usiruke hatua ya kusawazisha ucheleweshaji wa antena, kwa sababu nanosekunde moja ni sentimita 30.

Dhana: "Wi-Fi inakatika kila roboti ikianza kutembea, bodi ni mbovu"

Bodi ni nzima, volti ndizo zinazoshuka. Mota zikianza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, wakati redio nayo inahitaji wa kwake, na ESP32 inajiwasha upya. Ipe bodi kibadilisha volti chake chenye uwezo wa angalau miliampea 500, tofauti na cha mota, ila nyaya za hasi (GND) ziunganishwe pamoja. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na bodi na ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya kila mota.

Dhana: HC-SR04 huchomekwa moja kwa moja kwenye ESP32

HC-SR04 ni kihisi kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti. Pini yake ya Echo, ile ya kutoa jibu, hutoa volti 5. ESP32 ni ya volti 3.3. Inaweza kufanya kazi wiki mbili, kisha pini ikafa. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi pini, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hadi hasi. Acha milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, la sivyo utasoma mwangwi wa mlio uliopita. Mapazia na makochi hunyonya sauti, kwa hiyo usitegemee kihisi hicho peke yake.

Dhana: ukiwa na laida huhitaji kihisi kingine

Laida hupima umbali kwa mwanga wa leza, na mwanga huo hupenya kioo. Roboti yenye laida peke yake itaukimbilia mlango wa kioo kana kwamba uko wazi. Hapo ndipo HC-SR04 inapofaa, kwa sababu sauti hugonga kioo na kurudi: funga moja mbele, sentimita 10 hivi kutoka sakafuni.